Jinsi ya Kuomba Nafasi Katika Kikundi cha Wanafunzi Wanaoongoza Wageni Chuoni

Familia inayofika kutembelea chuo kikuu cha Marekani hupokewa na mwanafunzi. Huyo ndiye atakayeizungusha kampasi kwa saa moja hadi saa moja na nusu, na mara nyingi ndiye mtu pekee wa chuo hicho ambaye mtoto atazungumza naye kabla ya kuamua aombe wapi. Kwa hiyo vikundi vya waongoza wageni huchuja sana. Waombaji huwa wengi kuliko nafasi, na wengi wanaoachwa ni wasemaji wazuri kabisa. Walijiandaa kujieleza wao wenyewe, ilhali wasaili walikuwa wanapima kama waombaji hao wanamwona mgeni aliyesimama mbele yao. Shika hilo katika kila hatua, kuanzia fomu hadi usaili wa mwisho.

Jua kwanza unaomba kwa nani

Vikundi hivi viko vya aina mbili. Vingine viko chini ya ofisi ya udahili: ofisi ndiyo inayochagua, inayopanga zamu, na pengine inayolipa kwa saa. Vingine ni vyama vya wanafunzi vinavyojiendesha, vyenye viongozi wanaochaguliwa na wanachama. Crimson Key Society ya Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1948, ni ya aina hii ya pili, na zaidi ya kuzungusha wageni huwapokea wanafunzi wapya katika siku zao za kwanza. Katika Chuo Kikuu cha Virginia, University Guide Service ilijijengea jina kwa miaka mingi kwa ziara za historia pamoja na zile za watu wanaotaka kujiunga na chuo.

Tofauti hii inabadilisha namna ya kuomba. Ofisi ya udahili inatafuta mtu wa kutegemewa: afike kwa wakati, aseme yaliyo sahihi, asiahidi asichoweza kutimiza. Chama cha wanafunzi kinatafuta hayo hayo, na zaidi kinataka kujua kama utahudhuria mikutano, utabeba meza siku ya sherehe, na utamfundisha mwanachama mpya wa mwaka ujao. Ukipeleka barua ileile sehemu zote mbili, mojawapo itaona haikuandikiwa yenyewe.

Kama uko Marekani kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi kutoka nje, uliza mapema kama nafasi inalipwa. Kazi ya kulipwa ndani ya kampasi inaruhusiwa, lakini kikomo ni saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea, na saa za maktaba au mkahawa unazofanya tayari zinahesabiwa humo humo. Nafasi zinazolipwa kupitia mpango wa serikali wa Federal Work-Study hazimhusu mwenye viza hiyo. Ni bora kujua hili kabla ya kuandika fomu kuliko siku ya kusaini.

Kabla ya kujaza chochote, jiunge na ziara mbili za waongozaji wawili tofauti, ukiwa umekaa nyuma kabisa ya kundi. Usiandike wanachosema, hicho utafundishwa. Angalia wageni. Wanatoa simu mfukoni wakati gani? Nani anataka kuuliza na anakosa nafasi? Mzazi anasogea mbele palipotajwa nini? Ukurasa mmoja wa mambo hayo utakufaa kwenye fomu na kwenye usaili kuliko kitabu kizima cha historia ya chuo.

Ratiba

Vikundi vingi huchukua watu mwanzoni mwa muhula wa kwanza, Septemba hivi, na baadhi tena Januari au Februari. Dirisha la maombi huwa fupi, na kikao cha maelezo hufanyika mwanzoni mwake. Hudhuria, kwa sababu hapo ndipo masharti ambayo hayakuandikwa kwenye tangazo husemwa: zamu ngapi kwa wiki, Jumamosi ngapi kwa muhula, likizo ipi hairuhusiwi kusafiri mapema.

Ziara nyingi hufanyika asubuhi kuanzia saa nne na mchana kuanzia saa saba au saa nane, siku za kazi. Hizo ndizo saa za mihadhara. Chukua ratiba yako uipige mistari: unahitaji angalau nafasi mbili za saa mbili mfululizo, kwa kuwa ziara ya saa moja na nusu ina dakika za kukusanya watu mwanzoni na maswali ya wazazi watatu wanaobaki mwishoni. Usidanganye kwenye sehemu ya saa ulizo huru. Wapo wanaoandika kuwa wako huru wiki nzima wakidhani watapendwa, kisha wakipewa zamu wanaanza kuomba wabadilishwe. Familia iliyosafiri kwa ndege ikikuta hakuna wa kuizungusha, hakuna maelezo yatakayoifariji.

Fomu

Maswali huwa mawili au matatu, kila jibu maneno 150 hadi 250. Karibu kila mahali hukosi kuulizwa kwa nini unataka kazi hii, na sehemu gani ya kampasi ungeiongeza kwenye ziara. Msomaji wa fomu anasoma nyingi kwa usiku mmoja. Sentensi ya jumla inampita bila kugusa:

"Chuo chetu kina jumuiya ya kipekee, watu wa kila aina na fursa zisizo na kikomo."

Linganisha na hii:

"Kila Jumanne usiku ghorofa ya pili ya jengo la hisabati huwekwa meza ndefu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu hukaa hapo saa mbili mpaka saa nne kumsaidia yeyote aliyekwama. Nilikwenda na swali moja la zoezi, nikaondoka na watu wa kusoma nao muhula mzima."

Ya pili ina mahali, ina saa, ina watu wanaofanya kitu. Msomaji anaweza kuwaza mgeni akiisikia na kujiona kwenye ile meza. Kipimo ni rahisi: je, mwanafunzi wa chuo kingine angeweza kuiweka sentensi yako kwenye fomu yake bila kubadili neno? Kama angeweza, ifute.

Swali la "kwa nini" lina mtego wake. Wengi hujibu kwa kueleza wanavyokipenda chuo. Kukipenda ni jambo jema, lakini kila aliyeomba anakipenda. Jibu linalosonga mbele hueleza unampa mgeni nini: labda wewe ni wa kwanza katika familia kufika chuo kikuu na unajua maswali ambayo mtoto wa namna hiyo anaona aibu kuuliza, labda ulihamia kutoka chuo kingine na unaweza kumweleza anayefikiria kuhama hatua zilivyo. Andika kilicho kweli kwako. Usitunge shida usiyoipitia. Kwenye usaili utaulizwa zaidi juu yake.

Wakiomba video ya dakika moja, mwanga uwe mbele ya uso wako, macho yaangalie lenzi, na usisome karatasi: macho yanayotembea kushoto kwenda kulia yanaonekana hata kwenye skrini ndogo. Kwa mdhamini, chagua aliyekuona ukihudumia watu, kama msimamizi wa bweni au wa maktaba, badala ya mhadhiri anayejua alama zako tu.

Kituo cha majaribio

Hapa ndipo wengi hupanda au huanguka. Utapewa dakika mbili au tatu usimame mbele ya jengo, au ujifanye umesimama mbele yake, na uwaeleze wasaili kana kwamba ni wageni. Kwa Kiingereza cha kawaida mtu husema maneno 130 hadi 150 kwa dakika, lakini nje kwenye upepo, kundi likiwa limetawanyika, 120 yanatosha. Dakika mbili ni maneno 240. Ukiandika 400 utakimbia, na ukikimbia utapoteza pumzi na wasikilizaji pamoja. Kwa anayezungumza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, lafudhi haina tatizo lolote. Kinachosumbua ni kasi na kumeza miisho ya maneno. Tamka majina ya majengo polepole kuliko maneno mengine, kwa sababu ndiyo mgeni hajawahi kuyasikia.

Anza na kinachoonekana. Wageni wana macho kabla ya kuwa na masikio: waonyeshe dirisha, ngazi, maandishi, kisha uwaeleze. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni sanamu ya John Harvard, kazi ya Daniel Chester French ya mwaka 1884. Kwenye nguzo yake pameandikwa kwamba huyo ni John Harvard, mwanzilishi, 1638. Mwongozaji mzuri huwaacha wageni wayasome wenyewe, halafu anayabomoa moja moja: sura si yake, kwa kuwa hakuna picha yake iliyojulikana na mchongaji alimtumia mtu mwingine, hakuwa mwanzilishi bali mfadhili wa mapema aliyeachia chuo vitabu na mali, na chuo kilianza mwaka 1636. Angalia jinsi kituo hicho kilivyojengwa. Mgeni amepewa kazi ya kufanya, mshangao umekuja baada ya yeye mwenyewe kuamini maandishi, na tarehe mbili tu zimetosha.

Jipe kikomo hicho: namba mbili kwa kituo kimoja, zisizidi. Idadi ya vitabu maktabani, mwaka jengo lilipojengwa, gharama yake, jina la mfadhili na idadi ya viti, vyote pamoja, vinafutana. Chagua namba inayobadilisha jambo kwa mwanafunzi. Kwamba maktaba haifungwi usiku kipindi cha mitihani kunamhusu mgeni. Kwamba ina mita za mraba kadhaa hakumhusu.

Tahadhari na hadithi za kampasi. Katika vyuo vingi vya Marekani utasikia kwamba maktaba inazama kidogo kidogo kwa sababu mbunifu alisahau kuhesabu uzito wa vitabu. Hadithi ileile inasimuliwa kuhusu majengo yasiyohusiana kabisa, na hiyo peke yake ingepaswa kukutia shaka. Ukitaka kuisimulia, iseme kuwa ni hadithi. Ukiisema kama ukweli mbele ya msaili aliyekaa na kitabu cha waongozaji, umejiondolea alama ambazo tabasamu halitazirudisha. Takwimu zitoe kwenye ukurasa rasmi wa chuo au kwenye Common Data Set, hati ya kila mwaka ambayo vyuo vingi huiweka wazi. Na uielewe namba kabla ya kuitaja: uwiano wa wanafunzi 10 kwa mhadhiri mmoja haumaanishi darasa la watu 10. Mhadhara wa mwaka wa kwanza unaweza kuwa na watu 200 katika chuo hicho hicho. Mzazi akigundua baadaye, atahisi alidanganywa, na atakuwa na haki.

Malizia kituo kwa kuwageuzia wageni kitu: swali jepesi, au jambo la kuangalia njiani mpaka kituo kinachofuata. Kukata tu na kusema "basi, ni hayo" ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye majaribio, na hutokea kwa sababu mtu alikariri mwanzo mara nyingi na mwisho hakuufikia kwenye mazoezi. Fanya mazoezi kuanzia nusu ya pili.

Usaili wa kikundi

Mnakaa watu sita hadi wanane, mnapewa kazi: pangeni ziara ya dakika 20 kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la sita, au amueni nini kifanyike mvua ikinyesha na kundi lina mgeni anayetumia kiti cha magurudumu. Msifikirie kwamba jibu ndilo linalopimwa. Wasaili wamekaa pembeni wanaandika nani alimkatisha nani, nani alilikumbuka jina la mwenzake, nani alimfungulia mlango aliyekuwa kimya.

Kuzungumza sana kunaangusha watu wengi kuliko kuzungumza kidogo. Lakini kukaa kimya kabisa nako hakusaidii, maana hawana cha kuandika. Lenga michango mitatu au minne yenye uzito, na mmoja kati yake uwe wa kujenga juu ya wazo la mwingine kwa kumtaja jina. Ukijitolea kushika saa, ishike kweli: tangaza dakika tano zimebaki, kisha moja. Kuhusu kiti cha magurudumu, jibu sahihi si kumtenga mgeni huyo apite kwingine na mwongozaji wa peke yake. Njia ya wote ibadilishwe ipite penye mteremko na lifti, na wengine hawatatambua hata kidogo kwamba kuna kilichobadilishwa.

Maswali ambayo wazazi watauliza

Hakuna usaili usiogusa eneo hili, na inafaa ukae nalo jioni nzima. Msaili atajigeuza mzazi mwenye wasiwasi.

"Mwanangu ana alama hizi, atapata nafasi?" Usijibu kamwe kwa kukadiria, hata akikubembeleza. Wewe si mwamuzi, na neno lako litanukuliwa nyumbani kama ahadi. Mwambie wanaosoma maombi hutazama mambo mengi kwa pamoja, kisha mwelekeze kwa afisa wa udahili kwa jina la ofisi na mlango wake.

"Je, ni salama hapa?" Jibu la "salama kabisa" ni uongo popote duniani. Sheria ya Marekani iitwayo Clery Act, ya mwaka 1990, inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu ya wanafunzi kuchapisha ripoti ya usalama kila mwaka ifikapo Oktoba 1. Mweleze mzazi kuwa ripoti hiyo ipo na ataipata kwenye tovuti ya chuo, halafu useme unachofanya wewe usiku: njia unayopita, huduma ya kusindikizwa kama ipo, namba unayopiga. Mzazi anahitaji vyote viwili, hati na mazoea ya mtu aliye hai.

"Ada hii nani anaiweza?" Usiseme "kuna misaada mingi" ukaishia hapo. Tangu mwaka 2011 vyuo vinavyoshiriki mpango wa misaada ya serikali kuu vinatakiwa kuweka kwenye tovuti kikokotoo cha gharama halisi, ambacho familia huingiza hali yake na kupata makadirio ya kiasi kitakachobaki baada ya ruzuku. Familia nyingi hukata tamaa kwa kuona bei iliyotangazwa bila kujua kikokotoo kipo. Kulitaja hilo kwa sentensi moja huenda kukawa ndiyo sababu mtoto anaomba. Kwa wanaotoka nje ya Marekani, kikokotoo hicho mara nyingi hakiwafai. Waelekeze kwa afisa anayeshughulikia wanafunzi wa kimataifa.

"Ungebadilisha nini hapa?" Anayejibu "hakuna" amefeli. Anayemwaga malalamiko ya mwaka mzima naye amefeli. Chagua kitu cha kweli, cha ukubwa wa kati, na ueleze wanafunzi wanakishughulikiaje: foleni ya miadi ya ushauri nasaha katikati ya muhula, basi la usiku linalokoma mapema.

"Chuo kile kingine kikoje ukilinganisha?" Usikiseme vibaya chuo chochote. Eleza kilichokuleta hapa, basi. Na usipojua jibu la swali lolote, sema hujui, sema nani anajua, na useme utamtafutia jibu kabla ziara haijaisha. Wasaili wengi huuliza swali lisilo na jibu makusudi ili waone kama utatunga.

Mwili, sauti na kutembea kinyumenyume

Waongozaji wa vyuo vya Marekani wanajulikana kwa kutembea kinyumenyume wakizungumza. Vyuo vingine vimeiacha desturi hiyo kwa ajili ya usalama, kwa hiyo uliza kabla ya kuionyesha. Ikihitajika, jizoeze kwenye njia tambarare: hatua fupi, vidole vya mguu vikitangulia kugusa chini polepole kisha kisigino, kutupa jicho nyuma ya bega kila hatua chache, na kugeuka mbele kabisa kwenye ngazi, barabara na lami iliyopasuka. Maelezo muhimu yaachwe mpaka msimame, kwani walio nyuma hawasikii mkiwa mnatembea.

Ukisimama, subiri wa mwisho afike ndipo uanze. Usisimame ukiwa umeipa jua mgongo, maana wageni watakukunjia macho. Jua likupige wewe. Rudia kila swali kwa sauti kabla ya kulijibu, kwa faida ya walio nyuma. Uso wako uwaelekee watu, kwa sababu huenda yupo anayesoma midomo.

Ana kwa ana, kisha majibu

Usaili wa mwisho huwa wa dakika 15 au 20, na watu wawili au watatu. Mengi yameshaamuliwa; wanathibitisha kwamba mtu wa kwenye fomu na aliyekaa mbele yao ni mmoja. Soma tena ulichoandika usiku wa kuamkia siku hiyo. Nenda na swali moja la kweli juu ya mafunzo, kwa mfano jinsi wanavyorekebishwa waongozaji wapya baada ya ziara mbaya.

Ukichaguliwa, kwa kawaida utawafuata waongozaji wazoefu kwenye ziara kadhaa, utasoma kitabu cha maelezo, kisha mmoja wao atakufuata na karatasi kabla ya kukuachia kundi lako. Ukiachwa, andika barua fupi siku chache baadaye kuomba maoni: sentensi mbili za shukrani, moja ya kuuliza ungeboresha nini. Si vikundi vyote vinavyojibu, ila vinavyojibu hutaja kitu mahususi, kama kasi ya kusema au saa ulizokuwa huru. Wakati unasubiri duru nyingine, ofisi hiyo hiyo huwa inahitaji watu wa kulaza wageni bwenini, kukaa kwenye meza ya maswali siku za wageni wengi, au kuwajibu waombaji kwa simu. Jiandikishe kwa moja. Huko utasikia maswali ya wazazi kila wiki, na wasaili watakuwa wamekwisha kukuona kazini utakapoijaza fomu tena.